Sura ya Sita: Dirisha Kwanza

Tarehe 1 Februari 2024, gari la umeme aina ya Tesla lilichomoka kwenye ukingo wa bahari mjini Oslo, Norway, likatumbukia majini. Dereva alieleza baadaye kwamba alidhani gari limeegeshwa. Alipokanyaga tu, likaruka. Maji ya Oslo mwezi wa Februari yana baridi ya kuua. Lakini watu wawili waliokuwamo walitoka, wakapanda juu ya paa wakati gari bado linaelea. Karibu na hapo kulikuwa na chombo cha sauna, kibanda cha kujifukiza kinachoelea, ambacho watu wa Oslo hukodi ili waote joto kisha wajitose baharini. Nahodha wake alikata kona, akawasogelea, akawapakia wote wawili. Gari likazama. Wale wawili wakaota joto mlemle saunani pamoja na abiria wengine.

Siku 9 baadaye, usiku wa Jumamosi, Angela Chao alikuwa na marafiki kwenye shamba la familia yake karibu na mji wa Johnson City, Texas, wakisherehekea Mwaka Mpya wa Kichina. Alikuwa mwanamke wa miaka 50, mkuu wa kampuni ya meli ya Foremost Group, mtu aliyezoea habari za maji na vyombo vyake. Karibu na saa sita usiku aliaga, akaingia kwenye gari lake, Tesla Model X, aende nyumba nyingine iliyoko ndani ya shamba hilohilo. Alipokuwa akigeuza, gari lilirudi kinyumenyume badala ya kwenda mbele, likavuka ukingo, likaingia bwawani. Saa 5:42 usiku alimpigia rafiki yake simu. Wakazungumza kwa dakika 8, gari likizama. Marafiki walikimbilia bwawani, kuna aliyejitosa na kuogelea hadi kwenye gari. Askari na zimamoto walipofika walisimama juu yake, wakapiga vioo. Alipotolewa ilikuwa imepita kiasi cha saa nzima tangu ile simu, na hawakuweza kumrudishia uhai.

Nimeyataja matukio haya mawili pamoja kwa sababu maswali mengi ambayo watu huuliza kuhusu gari la umeme na maji yanapata majibu yake hapa. Watu huuliza kuhusu shoti. Huuliza kuhusu moto. Huuliza kama betri italipuka. Ni maswali halali, na nitayafikia. Lakini kilichowatenganisha wale wa Oslo na yule wa Texas kilikuwa kitu cha zamani kuliko betri: gari lilipoanza kuzama, wale walikuwa nje na yule alikuwa ndani. Marehemu simlaumu hata kidogo. Gizani, ghafla, maji yakipanda miguuni, kumpigia simu mtu unayemwamini ndicho kitu ambacho karibu kila mmoja wetu angefanya. Ndiyo maana sura hii imeandikwa. Jambo ambalo silika haikuelekezi inabidi ulijue mapema.

Aliyetufundisha zaidi kuhusu dakika hizo ni Gordon Giesbrecht, profesa wa Chuo Kikuu cha Manitoba huko Kanada. Kwao, ziwa likiganda, watu huendesha magari juu ya barafu, na barafu hupasuka. Giesbrecht, ambaye kazi yake ya miaka mingi ni kuchunguza jinsi mwili wa binadamu unavyostahimili baridi, alianza kuyazamisha magari kwa makusudi, watu wakiwa ndani, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao, wazamiaji wakiwa tayari pembeni. Alitaka kujua kwa saa mkononi nini kinatokea na lini. Alichokiona ni kwamba gari halizami kama jiwe. Kwanza linaelea. Linaelea kwa muda wa kati ya sekunde 30 na dakika 2 hivi, kutegemea uzito wake, jinsi lilivyoziba, na jinsi lilivyoingia majini. Muda huo maji ya nje yanakuwa bado chini ya vioo vya madirisha. Kisha upande mzito unaanza kuzama, maji yanapanda hadi kwenye vioo, na tangu hapo mlango wa uhai unajifunga haraka.

Kwa hiyo dakika ya kwanza ndiyo yako. Ushauri wa Giesbrecht ni mfupi makusudi, ili uweze kukumbukwa na mtu aliyeingiwa na hofu: fungua mkanda, fungua dirisha, toka, na watoto watangulie. Simu haimo. Tena yeye husisitiza kwamba simu isiguswe kabisa mpaka uwe nje, kwa sababu hakuna kikosi cha zimamoto duniani, hata cha mji tajiri kiasi gani, kinachoweza kukufikia ndani ya dakika moja. Anayepiga simu hubadilishana muda alio nao kwa msaada ambao hauwezi kuwahi.

Kwa nini dirisha na si mlango? Hapa hesabu ndogo inasaidia, kwa sababu wengi wanajidanganya kwamba nguvu za kifua zitatosha. Chukua mlango wenye upana wa mita 1. Maji yakiupanda kwa nje hadi sentimeta 50 tu, hayajafika hata kwenye kioo, yanaukandamiza kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 125 hivi. Yakifika mita 1, nguvu hiyo haizidi mara mbili. Inazidi mara nne, kilo 500. Maji yanavyopanda yanaongeza eneo yanalolisukuma na yanaongeza kina kwa wakati mmoja, ndiyo sababu mlango uliofunguka kwa taabu sasa hivi hautafunguka kabisa muda mfupi ujao. Na ukifaulu kuufungua mapema, umeliondolea gari uwezo wa kuelea: maji yanaingia kwa mkupuo, na linaweza kuzama ndani ya sekunde 5 hadi 10, likiwa na mtoto aliyefungwa mkanda kiti cha nyuma. Dirisha lililofunguliwa mapema linakupa njia bila kuliua gari papo hapo.

Kuna fundisho moja potofu ambalo limezunguka kwa miaka mingi, na nalichukia kwa sababu linapendeza kulisikia. Linasema tulia, subiri gari lijae maji, nguvu za ndani na za nje zikilingana mlango utafunguka wenyewe. Kwa fizikia ni kweli zitalingana. Lakini zitalingana baada ya hewa kwisha, gari likiwa limezama kabisa, pengine limelala kichwachini, giza, nawe umebana pumzi tangu zamani. Katika majaribio ya Giesbrecht, kusubiri kulikuwa njia mbaya kuliko zote. Tena hewa inayosalia hukimbilia upande ulio juu, na kwa gari lenye injini mbele upande huo ni wa nyuma, mbali na dereva. Usisubiri.

Jambo jingine linalofaa kueleweka ni kuhusu vioo vya umeme. Wengi wanaamini kwamba maji yakigusa gari tu, umeme unakatika na vioo vinakufa. Mara nyingi sivyo. Mota ya dirisha huweza kuendelea kufanya kazi kwa muda hata ikiwa majini. Kinachokwamisha kioo ni maji yenyewe: yakishafika kwenye kioo yanakisukuma dhidi ya fremu, na mota, ingawa ina umeme, haina nguvu ya kukiteremsha. Ndiyo maana kitufe cha dirisha kinatakiwa kibonyezwe mara tu gari linapogusa maji, kabla hujamuuliza mwenzako kama ameumia.

Sasa tuingie kwenye gari la umeme hasa, tuone kinachobadilika.

Shoti kwanza. Gari la umeme lina betri mbili. Kubwa iko chini ya sakafu, mara nyingi ya volti 400 hivi, na nyingine mpya zinafika 800. Hiyo ndiyo inayozungusha magurudumu. Ndogo ni ya volti 12 au karibu na hapo, kama ya gari lolote, nayo huendesha taa, vioo, vitasa na skrini. Umeme wa betri kubwa haujaunganishwa na bodi ya gari. Nyaya zake zote mbili, chanya na hasi, zimetengwa kabisa na chuma unachokishika. Umeme wa nyumbani unatafuta ardhi, ndiyo maana waya uliodondoka kwenye dimbwi unaua; umeme wa betri hii unatafuta upande wa pili wa betri ileile, na hauna sababu ya kupitia bwawani wala mwilini mwako. Isitoshe, gari lina kifaa kinachochunguza utengano huo muda wote, na swichi kubwa zinazokata umeme ajali inapotokea. Huenda ukaona mapovu madogo yakipanda kutoka kwenye betri iliyozama. Hayo ni maji yanayochanganuliwa na umeme ndani ya betri. Hayana maana kwamba ziwa zima limeshika umeme. Kwa aliye ndani, na kwa jirani anayetaka kuogelea kumsaidia, maji ndiyo adui. Umeme usimzuie mtu kutoka, wala usimzuie mtu kuokoa. Waya wa rangi ya machungwa tu usiuguse. Hiyo ndiyo rangi ya nyaya za betri kubwa katika magari haya yote.

Kuelea. Betri kubwa ina kilo mia kadhaa, na imetandazwa chini kati ya magurudumu. Gari la injini ya mbele huinamisha pua kwa kuwa uzito uko mbele; gari la umeme mara nyingi huelea limekaa sawa zaidi. Mwaka 2016 Elon Musk mwenyewe aliandika kwamba Model S huelea vya kutosha kuwa kama boti kwa muda mfupi, ingawa hapendekezi mtu ajaribu. Kampuni ya BYD ya Uchina imekwenda mbali zaidi: gari lake la kifahari Yangwang U8, lililotoka mwaka 2023, lilitengenezwa liweze kuelea kwa dharura hadi dakika 30 na kujisukuma kwa magurudumu. Hizo ni habari njema, lakini naziogopa. Dereva aliyesikia kwamba gari lake linaelea atakaa ndani akifikiri. Model X la Texas nalo lilizama polepole, na polepole hiyo haikumwokoa mwenyewe.

Basi hatari mpya ya gari la umeme, na la kisasa kwa jumla, iko kwenye vitu viwili ambavyo hatukuwa na haja ya kuvifikiria zamani: kioo na kitasa.

Kioo cha mlango wa gari la zamani ni kioo kimoja kigumu. Kikipigwa na ncha kali sehemu moja, chote kinamwagika kuwa punje ndogo. Kioo cha mbele hakijawahi kuwa hivyo. Hicho ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa na plastiki katikati, kinapasuka kama utando lakini hakitoki mahali pake. Siku hizi kioo cha namna hii ya pili kimehamia kwenye milango pia. Kinapunguza kelele, jambo linalohitajika sana kwenye gari lisilo na mngurumo wa injini, na kinamzuia abiria asirushwe nje gari likipinduka. Faida hizo ni za kweli, zinaokoa watu kwenye lami. Majini zinageuka ukuta. Mwaka 2019 chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilijaribu vifaa 6 vya kuvunjia vioo. Vifaa 4 vilivunja kioo cha kawaida. Kioo cha tabaka mbili hakikuvunjwa na hata kimoja. AAA iligundua pia kwamba karibu gari 1 kati ya 3 ya mwaka wa 2018 nchini humo lilikuwa na vioo hivyo pembeni.

Kwa hiyo kabla ya kununua nyundo, soma kioo. Kwenye kona ya chini ya kila kioo cha gari kuna maandishi madogo. Ukiona LAMINATED, hicho ni cha tabaka mbili. Usipoteze sekunde hata moja kukipiga. Ukiona TEMPERED, hicho kinavunjika. Soma vyote, mbele na nyuma, kwa sababu kuna magari ambayo vioo vya milango ya mbele ni vya tabaka na vya nyuma ni vya kawaida, na ukijua hivyo unajua pia utakimbilia upande gani. Kisha chagua kifaa. Nyundo ya dharura hupoteza nguvu majini kwa kuwa huwezi kuizungusha kwa kasi; kile kidude kidogo chenye springi, unachokikandamiza kwenye kioo kikajifyatua, kinafanya kazi vilevile ndani ya maji. Kibonyeze kwenye kona ya kioo, usikiweke katikati. Kifunge kwenye kitu usichoweza kukikosa gizani, kwa mfano mnyororo wa ufunguo au ubavuni mwa kiti. Ndani ya kijisanduku cha dashibodi, chini ya risiti na leseni, hakitakusaidia. Wale wanaosambaza ujumbe kwamba uchomoe kichwa cha kiti utumie vyuma vyake, nawaomba waache. Vyuma vile havikutengenezwa kwa kazi hiyo, na kukichomoa majini ukiwa umefungwa mkanda ni kazi ya dakika usiyo nayo.

Kitasa ndicho kinachonikera zaidi. Kwa miaka mia moja, kitasa cha gari kimekuwa chuma kinachovuta waya unaofungua komeo. Mtoto wa miaka mitano anakijua. Kwenye magari mengi mapya ya umeme, mahali pake pamewekwa kitufe kinachotuma ishara kwenye mota, na mota ndiyo inayofungua. Betri ndogo ikifa, kitufe hakina maana. Watengenezaji huweka njia ya pili ya mkono, lakini jinsi walivyoificha inasikitisha. Kwenye Tesla Model 3 na Model Y, milango ya mbele ina kiwiko kidogo karibu na vitufe vya dirisha, na hicho ni rahisi. Milango ya nyuma ni habari nyingine: kwenye Model Y waya umefichwa chini ya kifuniko ndani ya mfuko wa mlango, na Model 3 za mwanzo hazikuwa nao kabisa nyuma. Kwenye Model X, ambayo milango yake ya nyuma hupanda juu kama mbawa, inabidi ubandue kifuniko cha spika ndio uufikie waya wa kuvuta. Fikiria mtoto, usiku, maji kifuani.

Serikali zimeanza kuamka. Septemba 2025 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilifungua uchunguzi kuhusu Tesla Model Y za mwaka 2021, kiasi cha magari 174,000, baada ya wazazi kulalamika kwamba betri ndogo ilipokosa nguvu vitasa vya nje viligoma kufunguka watoto wakiwa ndani; wengine walilazimika kuvunja vioo. Uchina, nchi inayotengeneza magari mengi ya umeme kuliko nyingine yoyote, imeweka kanuni itakayoanza kutumika tarehe 1 Januari 2027 inayotaka milango iwe na njia ya kufungua kwa mkono ndani na nje. Naiunga mkono kanuni hiyo bila kusita. Mlango ambao unahitaji umeme ili umwachie mtu ni kosa la usanifu, hata uwe mzuri kiasi gani kwenye matangazo.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kusema haya ni ya wenye Tesla. Siyo. Nissan Leaf zilizotumika Japani zimekuwa zikiingia Kenya kwa miaka kadhaa, mabasi ya umeme ya BasiGo yanabeba abiria Nairobi tangu 2022, na magari mapya ya Uchina yanakuja na vitasa vya kulala ndani ya mlango. Leaf ina vitasa vya kawaida, na hilo ni jambo la heri. Zijazo hazitakuwa hivyo zote. Na maji tunayo tayari.

Jioni ya Jumapili, 29 Septemba 2019, gari dogo liliteleza nyuma kutoka kwenye feri ya MV Harambee katikati ya kivuko cha Likoni, Mombasa. Ndani kulikuwa na mama na binti yake. Watu waliokuwa kwenye feri walilitazama likielea, kisha likazama. Lilipatikana na kutolewa tarehe 11 Oktoba, kwenye kina cha mita 58 hivi. Halikuwa gari la umeme, na sheria ya maji haikujali. Serikali, wakala wa feri, milango ya feri ile, hayo yalijadiliwa sana na ilistahili. Ambacho hakikufundishwa vya kutosha ni kile ambacho abiria mwenyewe anaweza kufanya. Ukipanda feri Likoni au pantoni Kigamboni, au kivuko chochote cha Ziwa Victoria, na ukabaki ndani ya gari, teremsha vioo vyote na ufungue mkanda kabla chombo hakijaondoka. Breki ya mkono ivutwe. Joto la Pwani lenyewe linakushauri hivyo. Lakini wenye kiyoyozi ndio wanaofunga vioo, na magari ya umeme yana kiyoyozi kisicho na kelele wala harufu ya moshi, kwa hiyo watafunga zaidi.

Mafuriko ni mlango wa pili. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye Mto Enziu uliofurika huko Mwingi, Kitui. Watu zaidi ya 30 walikufa. Tarehe 16 Aprili 2024 Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko yoyote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949. Barabara za chini ya madaraja ya Dubai ziligeuka mabwawa, na wafanyakazi wawili kutoka Ufilipino walikufa kwa kukosa hewa ndani ya gari lao. Vijana wetu wengi wanaendesha magari huko, na wengine wanaendesha ya umeme. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimeta 30 yanatosha kuyachukua magari mengi madogo. Sentimeta 60 zinachukua hata yale makubwa ya juu. Gari la umeme halivuti hewa wala halina bomba la moshi, kwa hiyo halizimiki majini haraka kama la petroli, na hiyo inampa dereva ujasiri wa kuingia mahali ambapo gari la petroli lingekuwa limekwishagoma. Uzito wa betri hautalishikilia chini. Mto ukivuka barabara, rudi ulikotoka.

Kuhusu moto, neno la haraka kwa watu wa Pwani. Gari la umeme lililolowa maji ya chumvi ni hatari baada ya kutoka majini kuliko lilipokuwamo. Chumvi inapitisha umeme, na ikikauka ndani ya betri huweza kuziunganisha sehemu zisizotakiwa kukutana. Baada ya kimbunga Ian kupiga Florida Septemba 2022, magari kadhaa ya umeme yaliyofunikwa na maji ya bahari yaliwaka moto, mengine baada ya siku kadhaa. NHTSA hushauri gari kama hilo liwekwe angalau mita 15 kutoka kwenye nyumba au gari jingine. Usilirudishe uani kwako. Usijaribu kulichaji.

Turudi kwenye dakika ya kwanza, kwa sababu ndiyo yenye uhai. Wahenga walisema mfa maji haishi kutapatapa, na kutapatapa huko hakuondolewi kwa ushujaa. Kunaondolewa kwa mikono iliyokwishafanya kazi ileile mara nyingi. Leo jioni, gari likiwa limeegeshwa pakavu, kaa kwenye kiti chako, fumba macho, fungua mkanda, kisha tafuta kitufe cha dirisha kwa kidole. Tafuta kiwiko cha kufungulia mlango kwa mkono, ukivute mlango ufunguke. Hamia kiti cha nyuma, ufanye hivyohivyo. Kama kiwiko cha nyuma kimefichwa, mwite kila mtoto anayepanda gari hilo umwonyeshe mahali kilipo, avute mwenyewe. Mkiwa majini, mfungulie mkanda mtoto mkubwa kwanza ili amsaidie mdogo, kisha wasukume nje ya dirisha kabla yako. Ukitangulia wewe, maji yanayoingia dirishani hayatakuruhusu kurudi kuwachukua.

Wewe unayeuza magari ya umeme, iwe kwenye yadi ya Mombasa au duka la Dar es Salaam, mwonyeshe mnunuzi mambo mawili kabla hujampa ufunguo: ni vioo vipi vinavyovunjika, na mlango unafunguliwaje betri ikiwa imekufa. Na shirika la viwango la kila nchi yetu lisiruhusu gari liingie bandarini kama mlango wake wowote, wa mbele au wa nyuma, hauwezi kufunguliwa na mkono wa mtoto bila umeme. Uchina imeweka tarehe. Sisi, tunaoyanunua magari hayohayo, hatuna sababu ya kungoja zaidi ya hapo.